Wino Unaofutika: Marabi wa Mwanzo, Kombe na Nguvu ya Herufi

Katika miji ya nyanda za kati, kutoka Mpwapwa hadi Kondoa na kuendelea mpaka Tabora, herufi hunywewa na huvaliwa. Mwalimu wa chuo cha Qurani huloweka zafarani katika marashi ya waridi, akaandika aya juu ya sahani nyeupe, akaacha ikauke. Kisha humimina maji kidogo na kuizungusha sahani taratibu mpaka mistari yote iyeyuke na maji yageuke manjano, na mgonjwa huyanywa kwa bismillahi. Hilo ndilo kombe. Aya nyingine huandikwa kwenye karatasi, ikakunjwa na kushonewa ndani ya ngozi, ikawa hirizi ya mtoto au ya msafiri. Na upande wa makanisa, Dodoma kama kwingineko nchini, siku hizi utamsikia mhubiri akifungua mwaka kwa herufi ya Kiebrania: mwaka wa kinywa, mwaka wa mlango, mwaka wa jicho, kwa kuwa herufi inayouhesabu mwaka huo katika kalenda ya Kiyahudi ina jina la kitu hicho.

Shehe wa Kondoa na mlokole wa Dodoma wanatofautiana kwa mengi, lakini hapa wanaulizwa swali moja. Je, herufi ina nguvu yenyewe, au nguvu yake ni ile anayoipata mtu anayeisoma na kuielewa? Wapo wanaolijibu kwa haraka kwamba yote ni ushirikina. Wapo wanaosema ni siri ya kale, na kwamba marabi wa mwanzo wa Kiyahudi ni mashahidi wake. Naandika kwa sababu mashahidi hao wameitwa barazani na hakuna aliyewauliza walisema nini. Ukiwasoma kwa utulivu utaona kwamba waliipenda herufi kwa mapenzi ambayo sisi hatujayafikia, na kwa mapenzi hayohayo waliizungushia ua.

Tunawazungumzia wanazuoni walioishi Palestina na Babeli kuanzia siku za mwisho za Hekalu la pili, ambalo Warumi waliliteketeza mwaka 70, mpaka kama karne ya 6. Mafundisho yao ya sheria yalikusanywa katika Mishna karibu na mwaka 200, na mijadala iliyofuata ikaingia katika Talmudi mbili, ya Palestina na ya Babeli. Madhabahu ilikwisha kuvunjwa, ukuhani umebaki bila kazi, na watu wametawanyika. Mkononi wamebaki na kitabu. Si ajabu kwamba kila nukta ya kitabu hicho ilipewa uzito.

Anayetaka kuwaelewa kutokea Kondoa aanze na sura ya 5 ya kitabu cha Hesabu. Mume aliyeshikwa na wivu, asiye na shahidi, humpeleka mkewe kwa kuhani. Kuhani hutwaa maji matakatifu, hutia humo vumbi la sakafu ya maskani, huandika laana, huzifuta ndani ya maji hayo, na mwanamke huyanywa. Asiye na hatia hadhuriki. Mtu aliyekua akiona kombe hahitaji kuchorewa picha, kwa maana kazi anaijua: maandishi yanayogeuka kinywaji. Sisemi kwamba moja limezaliwa na jingine, na makusudio yake ni tofauti, kwa kuwa kombe hutafuta shifaa na maji yale yalitafuta hukumu. Lakini swali la nguvu ya herufi limesimama palepale, wazi kabisa.

Marabi walilichukua kwa umakini wa fundi. Mishna inaagiza kwamba kuhani asiandike juu ya ubao wala juu ya mafunjo, bali juu ya gombo la ngozi; wala asitumie gundi wala madini ya jamii ya mrututu wala chochote kinachoacha alama isiyotoka, bali wino wa kawaida unaofutika. Rabi Meir, ambaye riziki yake ilikuwa kunakili Torati kwa mkono, alizoea kutia madini hayo katika wino wake ili herufi zing'ang'anie ngozi, na jambo hilo likazusha hoja mbele ya walimu wake, kwa sababu fungu la Hesabu lazima liweze kufutika. Jina la Mungu lilikuwamo katika laana zile, na kulifuta Jina ni mwiko mkubwa. Hapa linafutwa kwa amri. Wakaeleza kwamba Mungu ameridhia Jina lake liyeyuke majini ili amani irudi kati ya mume na mke.

Wasingekwenda zaidi ya hapo, tungesema waliamini wino. Lakini walikwenda zaidi. Walifundisha kwamba maji humpima mke pale tu mume mwenyewe alipo safi. Mume mzinzi akimpeleka mkewe, maji ni maji. Na Yohanan ben Zakkai, katika karne ya 1, aliusimamisha utaratibu wote pale wazinzi walipokithiri, akitegemea maneno ya Hosea, kwamba Mungu hatawaadhibu binti kwa uzinzi wao huku wanaume wenyewe wakiwaendea makahaba. Herufi ni zilezile, Jina ni lilelile, wino umechanganywa sawasawa, na bado hakuna kitakachotokea ikiwa aliyeuleta mkono wake kwenye maandishi ni mwongo. Sijui hoja iliyo kali kuliko hiyo dhidi ya wazo kwamba herufi hufanya kazi kama dawa, bila kuangalia nani anaishika.

Pamoja na hayo hakuna watu waliokuwa wakali kuliko wao juu ya uandishi wenyewe. Rabi Ishmael alipomsikia Meir akitaja kazi yake, alimwonya kwamba akipunguza herufi moja au akiongeza moja, ataubomoa ulimwengu mzima. Mtu anaweza kulichukua onyo hilo kama fumbo la waganga. Mimi naona ni onyo la katibu kwa katibu: katika maandiko ya Kiebrania, ambako herufi mbili hutofautiana kwa ncha tu, kosa la kalamu linaweza kugeuza ungamo la Mungu mmoja kuwa kufuru. Mwalimu wa chuo anayemrudisha mtoto mara kumi kwa sababu ya nukta iliyosahauliwa juu ya herufi ya Kiarabu anaogopa kitu hichohicho.

Na chuoni ndiko marabi walikoiweka siri ya herufi. Kuna masimulizi kuhusu mwalimu Hillel na mgeni aliyetaka kuongoka, ila alikubali Torati iliyoandikwa tu, akakataa mapokeo ya mdomo. Siku ya kwanza Hillel alimfundisha alefu, beti, gimeli, daleti. Siku ya pili akamgeuzia mpangilio. Mgeni alilalamika kwamba jana haikuwa hivyo. Hillel akamuuliza: katika jambo hili hukunitegemea mimi? Herufi haina njia ya kukuambia yenyewe kwamba inaitwa alefu, unamwamini aliyekufundisha. Basi kila maandishi matakatifu yameegemea juu ya mtu, juu ya mnyororo wa walimu, na kitabu kilichokatwa kutoka kwenye mnyororo huo hakisomeki.

Masimulizi mengine ya Talmudi yanawahusu watoto walioingia katika nyumba ya mafunzo na kueleza alfabeti kwa namna ambayo wazee walistaajabu. Alefu na beti, walisema, maana yake ni kujifunza ufahamu. Gimeli na daleti ni kuwatendea wema maskini. Kwa nini mguu wa gimeli umeelekea kwa daleti? Kwa kuwa mkarimu humkimbilia maskini. Kwa nini daleti amempa gimeli kisogo? Ili sadaka itolewe kwa siri, maskini asifedheheke. Walipofika mwishoni waliona kwamba herufi tatu za neno la uongo zimebanana mahali pamoja na kila moja imesimama kwa mguu mmoja, ilhali herufi za neno la kweli zimetoka mwanzo, katikati na mwisho wa alfabeti, nazo zina msingi mpana. Nimeyasoma haya mara nyingi na kila mara nagundua kwamba hakuna ndani yake ahadi ya mali, wala mume kurudi, wala adui kuanguka. Umbo la herufi linamrudisha mtoto kwenye sadaka na kweli.

Hesabu ndiyo sehemu inayowavuta watu zaidi, na ndiyo inayohitaji tahadhari. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na katika hesabu ya abjadi alefu au alif ni 1, ya pili ni 2, mpaka 10, kisha 20 na kuendelea kwa mpangilio uleule hadi 400. Kiarabu kinaendelea mpaka 1000. Kwa hesabu hiyo bismillahi kamili huwa 786, namba ambayo wengi wetu tumeiona imeandikwa juu ya barua au mlangoni mwa duka. Kwa hesabu hiyohiyo mtaalamu wa falaki huchukua jina la mtu na la mama yake, akajumlisha herufi, akaondoa kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo nyota.

Sasa tazama mfano mmoja kwa karibu. Katika Mwanzo 14:14 Abramu anatoka na watu 318 kumwokoa Lutu. Marabi walijumlisha herufi za jina la Eliezeri, mtumishi wake: 1, 30, 10, 70, 7 na 200. Jumla ni 318. Basi, wakasema, hakutoka na jeshi, alitoka na Eliezeri peke yake. Karibu na zama hizo, Mkristo aliyeandika kile kiitwacho Waraka wa Barnaba aliichukua namba ileile na kuiandika kwa herufi za Kigiriki: 10 na 8 ni herufi mbili za mwanzo za jina la Yesu, na 300 ni herufi yenye umbo la msalaba. Kwa hiyo Ibrahimu alikuwa amekwisha kumwona Kristo. Aya ni moja na namba ni moja, lakini mmoja ameona mtumishi mwaminifu na mwingine ameona msalaba. Namba haikumchagulia yeyote. Kila mmoja alikuja na imani yake mkononi, na hesabu ikamwitikia.

Hali ni hiyo kwa 666 ya Ufunuo 13:18. Wasomi wengi wa Agano Jipya huona humo jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi za Kiebrania, ambalo hufikia 666 kamili. Na likiandikwa bila nuni ya mwisho hufikia 616, namba inayopatikana katika baadhi ya nakala za kale. Wasomaji wa kwanza waliteswa na dola ya Roma na waliambiwa jambo kuhusu dola hiyo. Kwetu namba hiyo imebandikwa kwenye kadi, kwenye chipu, kwenye chanjo, na watu wamekosa huduma waliyoihitaji kwa hofu. Hapa mchezo wa herufi unagusa afya ya watu, na mhubiri anayeutumia hana budi kuwajibika.

Marabi walijua hatari hiyo. Elazar ben Hisma, mmoja wao, alisema kwamba hesabu za nyota na za herufi ni viungo tu vya hekima. Mlo wenyewe ni sheria, hata zile za kuchosha zinazohusu kafara za ndege. Ni kweli mara mojamoja walipata sheria katika hesabu: muda wa nadhiri ya mnadhiri ni siku 30, na waliona dokezo lake katika neno ambalo herufi zake ni 10, 5, 10 na 5. Lakini siku hizo 30 zilikuwa zimekwisha kujulikana. Hesabu ilikuja kutia ladha, haikupika.

Ndani ya nyumba yao wenyewe kulikuwa na mgogoro, na si haki kuuficha. Rabi Akiva, aliyeuawa na Warumi katika karne ya 2, alisifika kwa kutoa mafungu ya sheria hata katika vishungi vidogo vinavyopambwa juu ya baadhi ya herufi. Talmudi inasimulia kwamba Musa aliketishwa nyuma kabisa katika darasa la Akiva na hakuelewa kilichofundishwa, mpaka aliposikia mwanafunzi akiuliza chanzo cha hukumu fulani na Akiva akajibu kwamba ni sheria aliyopewa Musa Sinai. Hapo roho yake ikatulia. Ishmael alisimama upande mwingine: Torati imesema kwa lugha ya binadamu, na neno likirudiwa ni kwa sababu binadamu hurudia maneno. Yuleyule aliyemwonya katibu kuhusu herufi moja alikataa kuitwisha herufi hiyo mzigo ambao msemaji hakuutia. Naegemea kwa Ishmael, ingawa naona Akiva asingedumu bila kelele za wanafunzi waliomwuliza ameyatoa wapi. Vishungi vilijadiliwa hadharani, na hoja dhaifu ilikataliwa mbele ya watu.

Wote wawili wangekubaliana juu ya mpaka. Kwa nini ulimwengu umeanza na herufi beti, herufi ya kwanza ya Mwanzo? Kwa sababu beti imefungwa pande tatu na iko wazi mbele tu, wakasema. Usiulize kilichopo juu, kilichopo chini, wala kilichotangulia. Waislamu wana ua unaofanana na huo. Sura 29 za Qurani zinaanza kwa herufi zinazosomwa mojamoja, kama alif lam mim ya Al-Baqara, na wafasiri wengi wakubwa walipofika hapo waliandika kwamba Mungu ndiye ajuaye makusudio yake. Walizisoma, wakazihifadhi, wakaacha mlango umefungwa.

Wengine walijaribu kuufungua. Kitabu kidogo kiitwacho Sefer Yetzirah kinasema Mungu aliuumba ulimwengu kwa njia 32, yaani tarakimu 10 na herufi 22, na hizo herufi kinazigawa kuwa mama tatu, zenye sauti mbili saba na za kawaida kumi na mbili, kila moja na sayari, mwezi au kiungo chake cha mwili. Kilikuwa tayari kitabu cha heshima mwaka 931, mwanazuoni Saadia Gaon alipokiandikia ufafanuzi, na Kabala ya zama za kati ilijengwa juu yake. Upande wa Kiarabu, vitabu vilivyonasibishwa na al-Buni wa karne ya 13 vilieneza majedwali ya herufi na namba ambayo bado hunakiliwa pwani na bara, ilhali Ibn Khaldun katika karne ya 14 aliichambua elimu hiyo na kuionya jamii. Na Talmudi ina kisa cha mwanazuoni Rava aliyeumba mtu na kumtuma kwa Rabi Zeira. Zeira alimsemesha, yule mtu hakujibu. Akamwambia arudi mavumbini. Walioitunza habari hiyo hawakuficha upungufu wake: mbinu ilitoa mwili, haikutoa usemi.

Herufi za Kiarabu zilipanda nyanda hizi kwa miguu. Misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo ilipita Mpwapwa, ikalipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa watemi wa Ugogo, ikaendelea hadi Unyanyembe, kwenye Tabora ya leo. Ndani ya misafara hiyo kulikuwa na makatibu, walimu na hirizi. Kondoa-Irangi pakawa mahali pa Waswahili wa pwani kutua na kufundisha. Tarika ya Qadiriyya ilishika mizizi Tabora katika miaka ya 1890. Kwa jamii ambazo kumbukumbu zake zilikaa kichwani na katika nyimbo, karatasi yenye herufi ilikuwa kitu cha ajabu hata kabla haijasomwa, na nadhani hapo ndipo njia mbili zilipoachana: walioingia chuoni wakaisoma, na waliobaki nje wakaivaa. Mwaka 1908 barua iliyodaiwa kutoka Arabuni, ikimtaja Sheikh Ahmad aliyeota karibu na kaburi la Mtume, ilienea katika koloni la Wajerumani ikitaka inakiliwe na kusambazwa, na serikali ilitaharuki. Barua yenye jina hilohilo bado hutumwa kwenye simu, na bado humwahidi baraka mwenye kuituma na si mwenye kuielewa.

Wakosoaji wa ndani hawakukosekana. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa na Sheikh Abdullah Saleh Farsy, aliyetoa tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1969, walikosoa mengi waliyoyaona bidaa na kusisitiza watu waelewe wanachosoma. Nawaheshimu, lakini sitamtupa mwalimu wa Kondoa katika kapu moja na tangazo la nguzo ya umeme linaloahidi mvuto wa biashara na kumrudisha mpenzi, na namba ya simu chini yake. Mwalimu yule anashinda na watoto juu ya mkeka, anajua alisomeshwa na nani, anapokea sadaka kwa kadiri ya mtu, na aya anayoifuta kwenye sahani anaweza kuieleza. Huyo yuko karibu na Hillel. Wa nguzo ya umeme hana mwanafunzi. Na mhubiri anayeuza mafuta kwa jina la herufi ya mwaka, bila kumfundisha muumini hata herufi tatu za lugha anayoitaja, yuko kwenye nguzo hiyohiyo, ingawa amevaa suti.

Dodoma ina nafasi ya kulishughulikia jambo hili kuliko mji mwingine. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana vilianza mwaka mmoja, 2007, na chuo cha theolojia cha Msalato kiko kando ya barabara iendayo Kondoa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hazina ya miswada ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, mingi ikiwa kazi ya ukusanyaji wa J. W. T. Allen katika miaka ya 1960, lakini uzito wake uko pwani. Madaftari ya walimu wa nyanda za kati, yenye abjadi, majedwali, dua na maelekezo ya wino, yamo katika masanduku ya familia, yakiliwa na mchwa. Msomi wa Kiebrania, msomi wa Kiarabu na mwalimu wa chuo wangeweza kukaa nayo meza moja na kuandika kwa kila daftari nani alimfundisha mwenye daftari, alilipwa nini, na alimweleza mgonjwa nini kabla ya kumpa maji. Ningeanzia Kondoa, kwa ruhusa ya wenye mali, kwa kupiga picha tu, na madaftari yabaki nyumbani kwao.